Besi isiyo na freti inakwaruza: nyuzi mpya, msasa, epoksi au ubao mpya?

Besi isiyo na freti, yaani gitaa la besi lisilo na vile vyuma vinavyokatiza shingo, huliwa na nyuzi zake yenyewe. Kwenye gitaa la kawaida chuma husuguana na chuma, na freti ikilika hung'olewa ikatiwa nyingine. Hapa waya unasuguana na mbao ya ubao wa shingo, pale vidole vinapobana, na mbao ndiyo inayoshindwa. Visiwani mambo matatu huharakisha kazi hiyo. Unyevu na chumvi ya bahari huzitia nyuzi kutu mapema, na uzi wenye kutu ni tupa. Mchanga wa majukwaa ya ufukweni hubaki vidoleni. Na shingo inayotolewa chumba chenye AC ikapelekwa barazani jioni haikai pale ulipoiacha.

Wanaoishika ala hii hapa ni watu wa aina mbili, na dawa zao si moja. Yuko mpigaji wa taarab anayetaka sauti za robo za makamu za Kiarabu, Rasti na Bayati, ambazo freti haziruhusu, lakini hataki kubeba dabo besi, ile besi kubwa ya kusimama, hadi kila harusi. Yuko pia mpigaji wa bendi za hoteli, Nungwi au Paje, anayetaka ule mguno mrefu wa uzi unaolamba ubao. Wa kwanza anauona mguno kuwa kero ndogo. Wa pili ndio uliomfanya anunue ala. Ulinganisho ulio hapa chini unawaangalia wote wawili.

Kinachokwaruza ni nini hasa

Itune besi kama kawaida, kisha piga kila uzi mtupu. Ukikwaruza mtupu na ukatulia mara tu unapoweka kidole, tatizo liko kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki ambapo nyuzi hutokea kichwani: mfereji wake umechimbika kupita kiasi. Ukikwaruza kuanzia nafasi ya 1 hadi ya 5 (pale freti hizo zingekuwa), na juu kukawa safi, shingo imenyooka mno au imejipinda kinyume. Ukikwaruza juu tu, karibu na mwili, mwisho wa ubao umeinuka. Ukikwaruza noti moja au mbili na jirani zake zikawa safi, hapo ndipo ubao ulipoliwa. Na mkwaruzo usio na mahali pake, unaosikika popote unapopiga, mara nyingi ni skrubu iliyolegea ya daraja, ya ufunguo au ya kifuniko cha pikapu. Kaza hizo kwanza, hazigharimu kitu.

Sasa pima bonde la shingo, yaani mpindo wake mdogo chini ya nyuzi. Bana uzi wa A nafasi ya 1 kwa mkono mmoja na mwisho wa ubao kwa mkono wa pili, halafu tazama pengo katikati, karibu na nafasi ya 7. Linatakiwa liwe kati ya milimita 0.1 na 0.25. Fila ya mafundi magari, vile vipande vyembamba vya kupimia mapengo, inatosha. Usipokuwa nayo, tumia karatasi ya fotokopi, ambayo ina unene wa karibu milimita 0.1: moja ipite kwa ulaini, tatu zilizobanwa pamoja zigome. Kurekebisha, zungusha chuma kilicho ndani ya shingo. Besi nyingi za Asia hutumia alenki ya milimita 4 au 5, na nyingi za Marekani inchi 3/16. Kulia hukaza na kunyoosha, kushoto huongeza bonde. Zungusha robo moja tu, tyuni upya, pima tena. Chuma kikigoma usikilazimishe, kwa sababu kikikatikia ndani utaishia kung'oa ubao mzima.

Mwishowe angalia urefu wa nyuzi juu ya mwisho wa ubao. Uzi wa G ukiwa milimita 1.5 hadi 2, na wa E 2 hadi 2.5, uko sawa. Kwenye nati nyuzi ziwe chini sana, karibu milimita 0.2 hadi 0.3 juu ya ubao, chini kuliko gitaa lenye freti.

Besi nyingi zinazoletwa kwa fundi kama "zimelika" huponea hapa. Ikiwa hata baada ya hayo noti zile zile bado zinakwaruza, weka rula ya chuma ya sentimita 60 kwa ukingo, sambamba na uzi, na uwashe tochi nyuma yake. Mwanga unaopenya chini ya rula ndio kina cha shimo. Kumbuka kwamba hakuna freti ya kuuinua uzi. Kidole kinapousukuma ndani ya mfereji wenye kina cha milimita 0.2, uzi unalala chini ya mbao iliyo mbele yake na kuigonga kila unapotikisika. Ndiyo maana shimo ambalo jicho halilioni linatosha kuiharibu noti.

Nyuzi: dawa ya kuzuia, si ya kutibu

Kubadili nyuzi hakujazi mfereji uliokwisha kuchimbika. Kunaamua tu utachimbika upya kwa kasi gani.

Nyuzi za kawaida, zilizozungushiwa waya wa duara, ndizo zenye mguno mkubwa na ndizo zinazokula ubao. Za chuma cha pua hula haraka zaidi, za nikeli zina huruma kidogo. Nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe uliolala, haziachi meno juu ya mbao. Sauti yake ni ya mviringo, inaisha mapema kidogo, na ndani ya taarab inakaa karibu na dabo besi kuliko nyingine yoyote. Bei yake ni kubwa, ila seti moja hudumu miaka, wakati nyuzi za duara kwenye hewa ya pwani hupoteza mng'aro baada ya wiki chache tu. Nyuzi za nailoni nyeusi ni laini zaidi ya zote, na haziuli ubao hata wa mbao laini.

Watu hukwama kwenye mvuto. Seti nyingi za nailoni huvuta shingo kidogo kuliko nyuzi za chuma za unene wa 45–105 (elfu za inchi). Ukizifunga bila kugusa kitu kingine, shingo inajinyoosha, bonde linapotea, na mkwaruzo unazaliwa mahali ambapo haukuwepo. Mtu akatupa lawama kwa nyuzi. Legeza chuma cha shingo robo, wakati mwingine nusu, na utaona. Kwenye nyuzi bapa inategemea: D'Addario Chromes zinavuta kwa nguvu, Thomastik-Infeld zinavuta kidogo sana. Jambo la pili ni unene. Nyuzi za nailoni ni nene, na uzi wa E hukaa juu ya mfereji wa nati badala ya kuzama ndani yake. Panua mfereji kwa tupa ya duara au kwa kipande cha msasa kilichoviringishwa kwenye uzi mwembamba, upande kwa upande, bila kuchimba chini.

Mpigaji wa taarab ambaye mifereji yake ni midogo anaweza kuishia hapa: nyuzi bapa, bonde likawekwa sawa, na ubao ukaachwa kama ulivyo.

Msasa au epoksi

Mifereji ikiwa mingi, njia mbili kuu zinashindana. Msasa unaushusha ubao wote hadi ulingane na sehemu iliyoliwa zaidi. Epoksi, gundi ya kuchanganya makopo mawili, inajaza mashimo na kuufunika ubao wote kwa ngozi ngumu. Moja inapunguza, nyingine inaongeza, na tofauti hiyo inafika hadi kwenye nati na daraja.

| | Msasa | Epoksi |
|---|---|---|
| Kina cha mifereji | hadi milimita 0.4 au 0.5 | wowote, hata mbao laini |
| Muda | siku moja | wiki mbili, nyingi za kungoja |
| Nati baada ya kazi | nyuzi zimekuwa juu, chimba mifereji zaidi | nyuzi zimekuwa chini, weka nati mpya au iinue |
| Sauti | ile ile, safi zaidi | inang'aa, noti hukaa muda mrefu |
| Kinachoharibika | mabonde mapya ya mkono usio sawa | mapovu, utando wa mafuta juu, ngozi kubanduka |
| Mara ngapi | mara mbili au tatu katika maisha ya ubao | huongezwa tabaka jipya kila inapolika |

Tuanze na msasa. Toa nyuzi zote, ziba pikapu kwa tepu ili vumbi lisiingie, na kama shingo ni ya skrubu nne itoe kabisa. Bila nyuzi shingo hujipinda kinyume, kwa hiyo legeza chuma chake mpaka rula ilale bila mwanga kupenya. Ukiruka hatua hii utasaga umbo la uongo: ubao utakuwa sawa mezani na utakwaruza ukifunga nyuzi.

Kibao cha kusagia lazima kifuate mviringo wa ubao wako. Besi za mtindo wa Fender za zamani zina nusu kipenyo cha inchi 7.25, nyingi za sasa 9.5, 10 au 12. Huna haja ya kuagiza kibao maalumu. Chukua ubao laini wa sentimita 25 kwa 5, tandika msasa namba 80 juu ya sehemu ya ubao wa besi ambayo haijalika, upande wenye chembe ukitazama juu, kisha sugua kibao juu yake kwa kufuata urefu. Baada ya muda kibao kitakuwa kimechukua umbo lenyewe.

Piga mistari ya chaki kukata ubao wote kila baada ya sentimita 3. Anza na msasa 120 kama mashimo ni makubwa, 180 kama ni madogo. Vuta kwa mikono mirefu kufuata njia ya kila uzi, kutoka nati hadi mwisho, kamwe si kwa mkato. Chaki inayobaki ni bonde. Endelea mpaka chaki imebaki kama kivuli tu pale palipokuwa na shimo kubwa kuliko yote, halafu panda 240, 320, 400, 600. Sentimita 10 za mwisho, upande wa mwili, shusha kidogo zaidi, kama milimita 0.2, ili noti za juu zisigonge. Mwenye nyuzi za duara anayetaka mguno zaidi apande hadi 1500, kwa sababu ubao unaong'aa huimba zaidi.

Kosa la kawaida ni kusaga pale palipo na shimo tu. Hilo halijazi kitu, linapanua bonde. Kosa la pili ni vumbi. Rozudi na mpingo ni ndugu wa jamii moja, Dalbergia, na vumbi lao huwasha ngozi na kifua, na mwili ukishawakataa mara moja hauwakubali tena. Vaa barakoa nzuri.

Baada ya kusaga, mafuta ya kitani tabaka moja jembamba, futa yote baada ya dakika 15. Tandaza kitambaa ulichofutia kikauke wazi, usikikunje: mafuta hayo hupata moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Mafuta ya nazi waachie wapishi, hayakauki na yanachacha. Ya karafuu ni mabaya zaidi kwa kazi hii, yanaweza kulainisha vanishi na baadhi ya plastiki za alama za pembeni.

Epoksi ilipata sifa kwa Jaco Pastorius, aliyepaka epoksi ya boti kwenye besi yake ya Fender ya 1962 isiyo na freti, ili ubao ustahimili nyuzi za duara. Kwetu boti ni nyingi, na hapo ndipo mtego ulipo. Kinachouzwa kwa wingi kwa mafundi wa boti za fiba si epoksi, ni resini ya poliesta. Ina harufu kali inayopanda kichwani, na kiwashio chake huja kwenye kichupa kidogo cha kutia asilimia 1 au 2. Epoksi ya kweli huja kwenye makopo mawili, mara nyingi kwa uwiano wa 1 kwa 1 au 2 kwa 1, na harufu yake ni ndogo. Poliesta haishiki mbao vizuri, na juu ya jamii ya Dalbergia huwa haikauki sawasawa kwa sababu utomvu wa mbao huzuia mmenyuko wake. Mtu akipaka hiyo kwenye ubao wa rozudi atapata gundi inayonata mwezi mzima. Epoksi ya dakika tano nayo iache: ni laini, inageuka njano.

Ubao wenye nafasi 20 una eneo la karibu sentimita mraba 300. Mililita 12 zinatoa tabaka la milimita 0.4. Matabaka manne, pamoja na kinachopotea chomboni, yanahitaji mililita 60 hivi. Utasaga zaidi ya nusu, na ngozi itakayobaki itakuwa milimita 0.5 hadi 0.8.

Safisha ubao kwa asetoni mara mbili, upake ndani ya saa moja kabla mafuta ya mbao hayajapanda tena juu. Jenga ukingo kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, uinuke milimita 3 juu ya ubao pande zote. Changanya kidogo kidogo, kwa uwiano ulioandikwa koponi bila kukisia, na mimina kwenye sahani pana, kwa sababu ikilundikana kwenye kikombe katika joto la nyuzi 30 itachemka mkononi. Kwa vile ubao una mgongo, epoksi hukimbilia pembeni, ndiyo maana matabaka ni membamba na mengi. Mapovu yapitishie hewa ya moto ya kikaushio cha nywele, mara moja na kwa haraka.

Msimu una neno lake. Katika masika, Machi hadi Mei, hewa ina unyevu mno. Epoksi nyingi hutoa utando wa mafuta juu yake, na tabaka linalofuata halishiki. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndio wakati wake, ndani ya nyumba, mchana, si usiku umande unaposhuka. Hata hivyo kila tabaka likikauka lioshe kwa maji na sabuni ya vyombo kabla ya msasa. Ukisaga kabla ya kuosha, unausukuma utando ndani ya mikwaruzo.

Baada ya tabaka la mwisho ngoja siku 7. Kisha kibao kile kile cha mviringo, msasa wa maji 220 hadi 2000, na mwisho dawa ya kung'arisha rangi ya magari. Usiiache ala kwenye gari lililofungwa juani: epoksi nyingi zilizokaushwa bila tanuri huanza kulainika kati ya nyuzi joto 50 na 60, na nyuzi zitaacha alama kama kwenye nta.

Supagluu kwa shimo moja

Shimo likiwa moja au mawili, epoksi nzima ni nyundo ya kuulia mbu. Kwangua uchafu, jaza vumbi la mbao ya aina hiyo hiyo, dondoshea supagluu nyepesi tone moja, ngoja, ongeza mpaka ipite juu kidogo. Sawazisha kwa wembe ambao ncha zake mbili zimevikwa tepu, ili zisikwangue pembeni, kisha 400 na 600. Supagluu hukauka kwa unyevu, kwa hiyo Unguja inakauka haraka. Tone nene hugeuka jeupe. Usiifute kwa pamba, inaweza kupata moto na kutoa moshi wa kuumiza macho. Kiraka ni kigumu kuliko mbao jirani, na baada ya mwaka kinaweza kubaki kama kichuguu mbao zinapoliwa pande zote. Hapo ndipo msasa.

Ubao mpya wa mpingo

Hili ni la mwisho: ubao umebaki na milimita 3 kwenye kingo, umepasuka, au unabanduka. Wa zamani unatolewa kwa pasi na kisu kipana chembamba, polepole, kwa joto la kulegeza gundi bila kuunguza shingo. Mpya unahitaji kipande cha milimita 700 kwa 75 kwa 8. Mpingo, unaotoka bara, kwa mfano Kilwa, unashinda kila mbao ya hapa kwa kustahimili nyuzi, na hauhitaji epoksi hata kwa nyuzi za chuma cha pua. Kasoro zake mbili ni uzito, maana huzama majini na kichwa cha besi huanza kushuka ukiachia mkono, na ukaidi wa kukauka. Kipande ambacho hakijakauka vizuri kitapasuka miezi baada ya kazi, na fundi seremala anayechonga milango hatakuwa na makosa: mlango unasamehe nyufa, shingo haisamehi. Mninga ni mzuri kwa samani, lakini kwa nyuzi za duara utalika kabla ya rozudi uliyoitoa.

Nani achague nini

Mpigaji wa taarab: nyuzi bapa, na msasa mwepesi mara moja tu. Epoksi hapo ni gharama ya sauti ambayo huitaki.

Mpigaji wa jukwaa la ufukweni anayeng'ang'ania nyuzi za duara: epoksi, ikifanywa kipupwe na mtu aliyewahi kuifanya. Kama huyo hapatikani, msasa na nyuzi za nikeli, na kitambaa kikavu kwenye nyuzi kila baada ya kazi. Epoksi mbaya ni ngumu kuiondoa kuliko kuipaka.

Mwanafunzi mwenye besi ya bei rahisi: chuma cha shingo, nati na daraja, halafu supagluu. Ubao mpya unaweza kuzidi bei ya ala yenyewe.

Mwenye dabo besi asitumie vipimo hivi. Ubao wake huchongwa na bonde la karibu milimita 1 kwa makusudi, nyuzi zake hupandishwa juu zaidi, na kazi yake ni randa ya fundi wa ala za nyuzi, si msasa wa kibao.